Jina lilifutwa, mtu akabaki: uchambuzi wa kisa cha AOL cha 2006

Agosti 4, 2006, kitengo cha utafiti cha AOL, kampuni ya huduma za intaneti nchini Marekani, kiliweka mtandaoni faili ambalo mtu yeyote angeweza kulipakua. Ndani yake mlikuwa na maswali takriban milioni 20 ambayo wateja wa kampuni hiyo walikuwa wameyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei mwaka huo. Wateja wenyewe walikuwa zaidi ya 650,000. Majina ya akaunti zao yalikuwa yameondolewa, na kila mmoja alipewa namba badala ya jina. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali.

Kufikia Agosti 7 kampuni ilikuwa imeliondoa faili hilo na kuomba radhi hadharani. Ilisema nia ilikuwa njema, kwamba walitaka kuwasaidia watafiti wa vyuo vikuu, na kwamba wala haikusudii kutetea kilichofanyika. Lakini mchele ulikuwa umeshamwagwa kwenye kuku wengi. Nakala zilikuwa zimesambaa kwenye seva nyingine, na hadi leo zipo.

Kisa hiki husimuliwa sana na watu wa kompyuta, na wao hukisimulia kama kosa la kiufundi: jinsi ya kuficha majina na jinsi ya kutoficha. Mimi nakileta hapa kwa ajili ya yale yaliyofuata. Mara tu habari ilipoenea, watu wengi walianza kujadili faragha kwa hasira, kwa huruma na kwa udadisi, na sehemu kubwa ya mjadala huo iliendeshwa kwa kuwafunua zaidi walewale waliokuwa wamefunuliwa. Anayetaka kuwakalisha watu wazungumze kwa staha kuhusu faragha atakutana na tatizo hilohilo, hata kama kikundi chake kina watu kumi. Ndiyo maana katika uchambuzi huu hamtakuwa na jina la mteja yeyote, wala namba aliyopewa, wala mji wake.

Faili lilivyokuwa

Kila mstari ulikuwa na namba ya mteja, maneno aliyoyaandika, tarehe na saa, na kama alibofya tokeo lolote, anwani ya tovuti aliyokwenda na nafasi ya tokeo hilo kwenye orodha. Basi. Ukiutazama mstari mmoja peke yake, mara nyingi haukuambii kitu.

Tatizo lilikuwa ile namba. Mteja mmoja alibaki na namba moja kwa miezi yote 3. Watafiti walikuwa na sababu nzuri ya kutaka iwe hivyo, kwani huwezi kujifunza jinsi mtu anavyorekebisha swali lake, anavyokata tamaa, anavyorudi kesho yake na maneno mengine, bila kujua kwamba aliyeuliza jana ndiye aliyeuliza leo. Ukikata uzi huo unabaki na rundo la maneno yasiyo na mwenyewe, na thamani yake kwa utafiti inashuka sana. Ukiuacha, umeweka hadharani maisha ya mtu ya miezi 3, dakika kwa dakika, ukamvua jina tu. Mvutano huo ni wa kweli, na anayedai kwamba ungemalizwa kwa urahisi hajaufikiria vizuri.

Na watu huandika nini kwenye kisanduku hicho? Huandika majina yao wenyewe ili waone yanasemaje. Huandika jina la mchumba wa zamani, jina la mtaa wao, shule ya watoto, dalili za ugonjwa waliouhisi usiku, deni, talaka, hofu ambayo hawajamwambia mke wala daktari. Kisanduku hakishangai, hakikunji uso, hakiulizi kwa nini unataka kujua. Watu wamekiamini kwa sababu hiyo. Mapema mwaka huohuo wa 2006 Wamarekani walikuwa wamepata tahadhari: iligundulika Januari kwamba Wizara ya Sheria ilikuwa imezidai kampuni kubwa za utafutaji rekodi zao kwa ajili ya kesi iliyohusu sheria ya kuwalinda watoto mtandaoni. Google ilikataa ikaenda mahakamani, na Machi jaji alikataa kuilazimisha itoe maswali ya wateja wake. AOL ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizokubali kutoa walau sehemu ya kilichoombwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba unyeti wa maswali ya utafutaji ulikuwa jambo geni Agosti ilipofika.

Mwanamke aliyetambuliwa

Agosti 9, siku tano tu baada ya faili kutoka, gazeti la New York Times lilichapisha habari ya mteja mmoja ambaye waandishi wake walimpata kwa kufuata namba yake. Hawakuhitaji udukuzi. Mteja huyo alikuwa ametafuta watengeneza bustani wa mji fulani, nyumba zilizouzwa kwenye mtaa fulani, na watu kadhaa wenye jina moja la ukoo. Ukiyakutanisha hayo matatu, waliobaki ni wachache, na mtu anayejua kutumia kitabu cha simu anamaliza kazi. Alikuwa mjane wa miaka 62. Waandishi walimsomea maswali yake mwenyewe, naye akakiri kwamba ni yake, akashtuka, na akakubali kuzungumza.

Kuna jambo katika habari ile ambalo naliona kubwa kuliko ule utambuzi wenyewe. Miongoni mwa maswali ya mwanamke huyo yalikuwamo mengi ya magonjwa: dalili za mwili, dalili za akili, madhara ya tumbaku. Yeyote aliyeusoma mfululizo ule angemchora mgonjwa aliyezingirwa na maradhi. Alipoulizwa, alieleza kwamba alikuwa na mazoea ya kuwatafutia marafiki zake habari za magonjwa ili kuwapunguzia wasiwasi. Maswali ya tumbaku yalikuwa kwa ajili ya rafiki aliyehitaji kuacha kuvuta.

Data zilikuwa sahihi kila herufi, na picha waliyoichora watu ilikuwa ya uongo. Tukizungumzia faragha huwa tunaogopa ukweli wetu usijulikane. Hapa hatari ilikuwa ukweli nusu, uliokatwa kutoka kwa mwenye nao, ukasomwa na mtu ambaye hawezi kumuuliza. Yeye alibahatika kuulizwa. Wengine zaidi ya 650,000 hawakuulizwa.

Na utambuzi wa namna hii haukuwa ugunduzi mpya. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, alichukua rekodi za hospitali za watumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts zilizotolewa bila majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge alilolinunua kwa dola 20, akaipata rekodi ya gavana wa jimbo. Baadaye alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu 5 vinatosha kumtofautisha mtu mmoja mmoja kwa takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Hayo yote yalikuwa yameandikwa miaka kadhaa kabla ya AOL kubandika namba zake.

Mjadala ulivyoharibika

Sasa tuje kwa waliojadili. Ndani ya siku chache kulijengwa tovuti za kupekua faili hilo kwa urahisi: unaandika neno, unapata namba, unabofya namba, unapata maisha. Watu walichagua namba zenye maswali ya ajabu au ya aibu, wakazigeuza wahusika. Mteja mmoja aliishia kuwa mchezo wa jukwaani, mwingine akatengenezewa mfululizo wa filamu fupi. Mwingine alikuwa ameandika maswali yaliyoonekana kama ya mtu anayepanga kumuua mkewe. Namba yake ilizunguka duniani ikiwa na hukumu tayari. Waliomhukumu hawakuwa na njia ya kujua kama alikuwa mwandishi anayetunga hadithi, au mtu aliyetazama habari kwenye televisheni akataka kujua zaidi, au kweli mtu hatari. Pengine alikuwa hatari. Lakini ninachokitazama hapa ni jinsi mjadala ulivyofanya kazi: waliosema kwamba uvujaji ni uovu na waliosema kwamba si kitu, wote walitoa mifano kutoka mfuko uleule ulioibwa.

Naelewa kwa nini. Faragha ni neno la hewani mpaka uweke mtu ndani yake. Ukisema "taarifa za afya zimevuja", msikilizaji anasinzia. Ukimsomea maswali aliyoandika mtu saa nane usiku, anaamka. Mzungumzaji anayetaka kuwaamsha watu anavutwa kuelekea kwenye maswali hayo, na hata mtetezi mwaminifu wa faragha hujikuta anamtumia aliyeumizwa kama kielelezo. Sipuuzi nguvu ya kielelezo. Nasema tu kwamba kina mwenyewe, na mwenyewe hayupo ukumbini.

Hata yule mjane, aliyekubali kuzungumza na gazeti, aliwakubalia waandishi wale, siku ile. Tangu hapo jina lake limerudiwa kwenye vitabu vya kiada, mihadhara na makala kwa karibu miaka 20, pamoja na yale maswali yake. Sioni kwamba kibali cha siku moja kinafika mbali hivyo. Mhadhara unaweza kueleza alitambuliwaje bila kumtaja, kama nilivyofanya hapo juu, na hakuna hoja hata moja inayopungua.

Kisha zilikuja kauli mbili ambazo huibuka katika kila mjadala wa faragha. Ya kwanza ni ile ya kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Kisa chenyewe kimeshaijibu kupitia yule mwanamke na marafiki zake: hakuwa na la kuficha, na bado alichorwa kuwa mtu asiye yeye. Ya pili hutoka upande wa watetezi, na ndiyo inayonisumbua zaidi: "Kama huna la kuficha, basi tutajie mshahara wako, tuonyeshe simu yako." Watu huipigia makofi. Mimi naona ni ubabe. Inamlazimisha mtu achague kati ya kujivua mbele ya wageni na kukubali kushindwa hoja. Pia inamnyamazisha yule ambaye kweli ana jambo zito la kulinda, kwa kuwa akiitetea faragha kwa bidii, wote wataanza kujiuliza anaficha nini. Mwenye kuongoza mjadala akiiacha kauli hiyo ipite, ameshawapoteza wale aliowahitaji zaidi.

Watafiti na lile swali gumu

Mazungumzo bora niliyoyaona katika kisa hiki yalitokea kati ya watafiti wenyewe, na naomba nikae hapo kidogo.

Faili lilikuwa mikononi mwao. Kwa miaka mingi watafiti wa vyuo vikuu walikuwa wamekosa data za namna hii, huku wenzao walioajiriwa na kampuni kubwa wakiwa nazo kwa wingi. Je, walitumie? Baadhi walisema hapana. Jon Kleinberg wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa mmoja wa waliosema wazi kwamba data zile zilifunua mno mambo ya watu na kwamba hakutaka kufanyia utafiti kitu kilichochafuka hivyo. Wengine walijibu kwamba faili limeshatoka na halitarudi, kwamba kulikataa hakumpunguzii mteja yeyote madhara, na kwamba kulitumia kwa hesabu za jumla, bila kumtazama mtu mmoja mmoja, hakumwongezei mtu madhara.

Hoja zote mbili zina uzito, na waliozitoa hawakutukanana. Nadhani ni kwa sababu walikuwa wakibishana juu ya matendo yao wenyewe: mimi nitalifungua au sitalifungua, nikilifungua nitafanya nini nalo. Hawakuwa wakibishana juu ya tabia ya wateja. Mjadala mwingine wote ulimtazama aliyeandika maswali. Huu ulimtazama anayeyasoma. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoleta staha, kwa maoni yangu, kuliko kanuni yoyote ya adabu ambayo mtu angeweza kuibandika ukutani.

Upande wangu ni wa waliokataa, lakini nakubali kwamba kukataa kulikuwa na gharama. Agosti 21 afisa mkuu wa teknolojia wa AOL alijiuzulu, na wafanyakazi wawili waliohusika wakafukuzwa. Kampuni nyingine ziliona, zikafunga milango. Mtafiti huru aliyetaka kujua jinsi watu wanavyotafuta habari alizidi kubaki nje, na maarifa hayo yakaendelea kukaa ndani ya kampuni zilezile ambazo tungependa zichunguzwe. Anayetetea faragha na asitaje hasara hiyo anauza bidhaa kwa kuficha bei.

Wala kisa hakikuwafundisha wote. Oktoba 2006, miezi miwili tu baadaye, Netflix ilitoa alama ambazo wateja wake takriban 480,000 walikuwa wamezipa filamu, tena bila majina, kwa ajili ya shindano. Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kwamba kwa kulinganisha alama hizo na maoni yaliyoandikwa wazi kwenye IMDb, tovuti ya habari za filamu, baadhi ya wateja waliweza kutambuliwa. Shindano la pili lilifutwa mwaka 2010 kufuatia kesi mahakamani na maswali ya Tume ya Biashara ya Marekani.

Sheria ilikuwa wapi?

Wakati wa mjadala wengi waliuliza ni sheria gani iliyovunjwa, na jibu halikuwa la moja kwa moja. Marekani haikuwa na, wala haijapata, sheria moja ya shirikisho inayolinda taarifa binafsi za aina zote. Ina sheria za vipande. Mojawapo ilizaliwa mwaka 1988 baada ya gazeti la Washington kuchapisha orodha ya kanda za video alizokodi Robert Bork, jaji aliyependekezwa kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani. Orodha haikuwa na aibu yoyote, lakini wabunge walijiona ndani yake, wakapitisha sheria ya kulinda rekodi za ukodishaji wa video. Hivyo mwaka 2006 filamu uliyoikodi ililindwa na sheria yake mahususi, na swali ulilouliza kuhusu ugonjwa wako halikuwa na sheria ya namna hiyo.

Septemba 2006 baadhi ya wateja waliishtaki AOL katika mahakama ya shirikisho ya California. Mkataba waliokuwa wameukubali walipojiunga ulisema mashauri yote yasikilizwe Virginia, ambako mahakama za jimbo haziruhusu kesi za pamoja za wateja. Mpaka Januari 2009 mahakama ya rufaa ilikuwa bado inaamua kama kifungu hicho kinawafunga wakazi wa California, ikasema hakiwafungi. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imekwisha kwa kubishania mahali pa kusikilizia shauri, kabla madhara yenyewe hayajapimwa.

Naleta habari hii kwa sababu washiriki wengi huingia kwenye mjadala wa faragha wakidhani kwamba likitokea jambo, sheria itawatetea, na wengine wakidhani kwamba kilichokubaliwa kwenye mkataba kimekwisha. Kesi hii inawasumbua wote wawili, na ni vizuri wasumbuliwe kwa ushahidi.

Ningekijadili hivi

Nikipewa kikundi cha watu na kisa hiki, jambo la kwanza ni kukubaliana kabla ya yote kwamba hakuna anayelifungua faili. Si kwa siri pembeni, si kwa kuthibitisha hoja. Mtu akitaka kueleza aina ya maswali yaliyokuwamo, aseme aina: afya, majirani, mapenzi, fedha. Hiyo inatosha kwa hoja yoyote halali.

La pili ni kwamba hakuna anayedaiwa kisa chake mwenyewe. Mjadala wa faragha hushuka haraka na kuwa kikao cha ushuhuda, na anayetoa siri nzito zaidi ndiye anayeonekana mkweli zaidi. Mtu azungumze kwa jina la kubuni akitaka, abadilishe maelezo akitaka, na asilazimike kusema kama aliyoyasimulia ni yake au ya rafiki. Akijuta kesho, maneno yake yaondolewe bila kuulizwa sababu, na wote wajue tangu mwanzo nani anaweza kuyasoma na yatahifadhiwa kwa muda gani. Kuwaalika watu wazungumzie faragha huku ukihifadhi maneno yao bila kuwaambia ni kufanya kosa la AOL kwa kipimo kidogo.

Kisha ningewauliza swali la watafiti: faili likikufikia leo, utafanya nini? Sitawauliza wanaonaje kuhusu walioandika maswali yale. Watabishana, na wabishane. Wa kulitumia wapewe nafasi sawa na wa kulikataa, maana wana hoja, na mwongozaji asijifanye hana upande. Aseme upande wake mara moja, kisha aache.

Na katikati atatokea mtu atakayesema kwamba haya yote ni maneno matupu mpaka aone mistari yenyewe, kwamba atajuaje kuwa watu waliumia bila kuona walichoandika. Swali lake ni la haki. Ajibiwe kwamba gazeti lilithibitisha utambuzi, kampuni ilikiri, watu watatu waliondoka kazini, na mahakama ilisikiliza. Akiendelea kuitaka mistari, aambiwe hapana, bila kukemewa, na aelezwe kwamba walioiandika hawajawahi kuulizwa.